Juu ya Kusoma Utenzi wa Vergilius: Sarufi na Hukumu

Katika kujifunza tenzi za Kilatini, desturi iliyozoeleka ni kuigawa kazi mafungu matatu. Kwanza mwanafunzi hufundishwa sarufi, yaani miisho ya majina na ya matendo. Kisha huonyeshwa mtindo, yaani mizani, tashbihi na mpango wa maneno. Na mwisho, kama muda umebaki, huambiwa maana ya hadithi. Mpango huu wamfaa mwenye kuanza, kwani hapana aezekaye paa kabla ya kusimamisha kuta. Lakini una hatari yake, maana mwanafunzi huzoea kudhani kwamba sarufi ni ngazi tu, ambayo akiisha kufika juu aweza kuitupa. Twataka kuonyesha hapa kwamba katika Aeneis, utenzi mashuhuri kupita zote za Kilatini, mafungu hayo matatu ni jambo moja, na kwamba asiyeisikiliza sarufi hawezi kutoa hukumu ya haki juu ya mwisho wake.

Publius Vergilius Maro alizaliwa mwaka 70 kabla ya Kristo karibu na Mantua, kaskazini ya Italia, akafa mjini Brundisium mwaka 19. Miaka yake ya mwisho, yapata 10, aliitumia kutunga Aeneis, wenye vitabu 12 na mistari inayokaribia 10,000. Kazi hiyo hakuimaliza, na mistari zaidi ya 50 imeachwa nusu. Habari za kale zasema kwamba alitaka ichomwe moto, lakini Kaisari Augustus alikataza, na rafiki zake Varius na Tucca wakaitengeneza itolewe. Hadithi yenyewe ni ya Aeneas, mtu wa Troia, ambaye mji wake ulipotekwa na Wayunani alimchukua baba yake mgongoni, akasafiri bahari nyingi, akafika Italia. Huko alipigana na Turnus, mfalme wa Warutuli, hata akamshinda, ili uzao wake upate nchi na Roma ipate kuwako.

Msomaji aliyezoea tenzi za Pwani, zenye vipande vya mizani 8 na vina vya kufunga, ataona mambo mageni. Vergilius hahesabu silabi, bali hupima urefu wake. Kila mstari una vipimo 6, na kila kipimo ni silabi moja ndefu ikifuatwa na fupi mbili au na ndefu ya pili. Kwa hiyo mstari mmoja waweza kuwa na silabi 13 na mwingine 17, na yote miwili ikatimia. Vina hapana. Kiungo kishikacho maneno yake ni upatanisho, nao haufanani na wetu. Katika Kiswahili upatanisho huonekana mwanzoni mwa neno: kisu kikali kimepotea. Katika Kilatini huonekana mwishoni. Tena mtungaji wa Kilatini ana ruhusa ya kulitenga neno la sifa na jina lake, akaweka maneno kadha wa kadha katikati, hata akaliacha jina mpaka mstari wa pili. Msikilizaji amekwisha kuisikia sifa, lakini hajui bado ni sifa ya nani.

Na tuitazame mistari ya mwisho ya kitabu cha 12. Turnus ameanguka, amejeruhiwa pajani. Amenyosha mkono, akiri kwamba ameshindwa, aomba arudishwe kwa baba yake mzee. Aeneas azuia mkono wake. Hapo mtungaji atumia tendo coeperat, maana yake yalikuwa yamekwisha kuanza: maneno ya Turnus yalikuwa yamekwisha kuanza kumlegeza. Mara lafuata neno infelix, yaani mwenye bahati mbaya, asiye na heri. Ni nani huyo? Neno hili halibadiliki likiwa la mwanamume, la mwanamke au la kitu. Laweza kuwa la Turnus aliye chini. Laweza kuwa la Aeneas mwenyewe. Na aliyesoma vitabu vya kwanza atamkumbuka Dido, malkia wa Carthago, aliyeitwa hivyo mara kwa mara kabla na baada ya kujiua. Maneno manne yapita, mstari wakatika, ndipo jina latokea mwanzoni mwa mstari wa pili: balteus, mkanda wa upanga. Ni mkanda wa kijana Pallas, rafiki wa Aeneas, ambao Turnus aliuvua katika maiti yake na sasa auvaa begani.

Mwenye kufasiri kwa Kiswahili atapata taabu hapa. Neno la sifa lingeweza kuificha siri, kwa kuwa mtu mbaya na mkanda mbaya huanza sawasawa. Lakini tendo lingeifichua mara moja, kwani mtu akaonekana, na mkanda ukaonekana. Ngeli zetu hazina subira hiyo. Basi yule asemaye kwamba mpango wa maneno ni pambo tu, na ajiulize ni nini kimepotea. Kimepotea kile kitambo kifupi ambacho bahati mbaya yaelea hewani, haijamshukia mtu, na Turnus angali aweza kupona.

Aeneas auonapo mkanda awaka ghadhabu, achoma upanga. Tendo alitumialo mtungaji ni condere. Hili ndilo neno lililotumika katika mistari ya kwanza ya kitabu cha kwanza kwa kuasisi mji, na tena baadaye kidogo kwa kuliasisi taifa la Warumi. Maana zake ni nyingi: kuweka akiba, kuzika, kuficha, kuasisi. Mwanafunzi aliyeandika daftarini mwake kwamba condere ni kuasisi, akafika mwisho akaandika tena kwamba ni kuchoma, amepata alama zake zote, lakini utenzi umempita. Mfasiri angeweza pengine kutumia kutia, akasema kutia msingi wa mji, na kutia upanga kifuani. Ni neno hafifu kuliko lile la Kilatini, lakini lingemfanya msomaji ageuke kutazama alikotoka.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia. La kwanza ni sifa ya Aeneas, pius, ambayo si ucha Mungu peke yake, bali ni kutimiza wajibu kwa miungu, kwa wazazi na kwa watu wake. Yatajwa mara nyingi katika utenzi. Hapa mwishoni haipo. La pili ni mstari wa mwisho kabisa, uelezao roho ya Turnus ikishuka kuzimuni kwa kunung'unika. Mstari huo huo, neno kwa neno, ulikwisha kutumika katika kitabu cha 11 kwa kifo cha Camilla, mwanamke shujaa wa upande wa Turnus.

Mabishano juu ya mwisho huu ni ya kale. Servius, mfafanuzi wa karne ya 4, alisema kwamba yote ni sifa kwa Aeneas: alipofikiri kusamehe alikuwa mwema, na alipoua alimtimizia haki Evander, baba wa Pallas. Lactantius, mwandishi Mkristo, alimlaumu kwa kumwua mtu aliyeomba. Mwaka 1963 Adam Parry alieleza kwamba utenzi huu una sauti mbili, moja ya ushindi na moja ya majuto. Na mwaka 1988 Karl Galinsky alijibu kwamba kwa watu wa zamani hasira ya namna hii ilikuwa na haki yake.

Kwa maoni yetu, sarufi haimhukumu Aeneas kuwa mwenye hatia, wala haimwachilii. Ahadi ya Jupita juu ya Roma yabaki mahali pake, na kisasi cha Pallas ni deni la kweli. Lakini wale waufundishao utenzi huu kama wimbo wa shangwe ya dola hawana tegemeo katika mistari hii. Baba yake Aeneas, huko kuzimuni katika kitabu cha 6, alimwagiza Mrumi awaachilie walionyenyekea. Na huyu amenyenyekea. Mtungaji amelitia jengo na jeraha katika neno moja, naye msomaji hana ruhusa ya kuchukua moja na kuliacha la pili.

Kwa hiyo twawashauri walimu wasiungoje mwisho wa mwaka ndipo wafundishe maana. Na waichukue mistari 20 ya mwisho, waisome polepole pamoja na wanafunzi, wakiuliza kwa kila neno: hili lapatana na lipi, na kwa nini limewekwa mbali? Atakayejibu hayo vema atakuwa amekwisha kuanza kuhukumu.