Jicho la Aliyebaki Nyumbani

Juni 2007, katika mji mdogo wa Opala mkoani Tshopo, watafiti waliokuwa safarini walimkuta tumbili mchanga nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Mama wa tumbili huyo alikuwa ameuawa msituni na jamaa wa familia, na mtoto akaletwa mjini. Walipouliza ni mnyama gani, mwenye nyumba hakusita: ni lesula. Wakampiga picha. Picha hizo zikawafikia John na Terese Hart, watafiti Wamarekani waliokwisha kuishi Kongo miaka mingi, wakaketi wakaziangalia: uso mrefu usio na manyoya, mstari wa rangi ya malai unaoshuka puani, macho makubwa yanayomkabili mpiga picha. Alimkaribia kwa sura tumbili mwingine anayejulikana mashariki ya mto Lualaba, lakini hakuwa yeye. Baada ya miaka mitano ya kukusanya ushahidi, Septemba 2012, sayansi ikampa jina la Cercopithecus lomamiensis. Mwaka 2016 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, kati ya Tshopo na Maniema, na lesula ni mmoja wa wakazi wake maarufu.

Tembea uone, tunaambiwa tangu utotoni. Lakini wawindaji wa Opala walitembea msitu huo vizazi na vizazi, wakamjua lesula, wakamla, wakamwita kwa jina. Wageni nao walitembea, na bado wangeweza kumpita. Kilichokutanisha ujuzi wa hawa na wa wale ni picha iliyotoka uani kwa mtu ikafika mbele ya macho yaliyotulia, yenye nafasi ya kulinganisha. Kwa hiyo nataka kuisifu sehemu ya ufundi wa picha isiyo na wasifiaji wengi: kumpelekea picha mtu asiyeweza kusafiri, na kumpelekea vizuri. Hongera humwendea aliyebeba kamera. Mimi nadai kazi yake iko nusu hadi aliyebaki nyumbani aone na ajibu.

Mkoa wetu wa Tshopo umepigwa picha kwa zaidi ya karne, ila kwa muda mrefu picha hizo zilijua njia moja tu, ya kuondoka. Mwaka 1909 Herbert Lang, mzaliwa wa Ujerumani aliyetumwa na makumbusho ya historia asilia ya New York, alipanda mto hadi Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akiwa na James Chapin, kijana wa miaka 19 mwenye mapenzi ya ndege. Msafara wao katika misitu na mbuga za kaskazini-mashariki ulidumu mpaka 1915, na Lang akarudi na negativu zinazokaribia 10,000. Aliyewahi kusafisha filamu kwa mikono yake anajua uzito wa hesabu hiyo. Utando wa jelatini unaobeba picha hulainika katika maji ya vuguvugu, na kwetu maji ni ya vuguvugu mchana kutwa. Picha huvimba, hukunjamana, hubanduka. Wapiga picha wa nchi za joto walilazimika kusafisha usiku, maji yakishapoa.

Jasho lote hilo lilitoka kwa ajili ya nani? Mtu wa New York, aliyetaka kuuona msitu wa Kongo pasipo kuumwa na mbu. Waliosimama mbele ya kamera ya Lang hawakuwa na namna ya kuziona picha zao. Leo nyingi ziko mtandaoni, na kijana wa Makiso, hapa Kisangani, mwenye mega za kutosha za intaneti anaweza kuzifungua akiwa kitandani. Safari ya kurudi imechukua zaidi ya miaka mia moja.

Chapin naye alituachia fundisho la mtazamaji. Mwaka 1913, huko Avakubi, aliona unyoya asioufahamu kwenye kofia ya mwenyeji, akauhifadhi. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, kibandiko kikisema ni tausi wa kawaida walioletwa kutoka ng'ambo. Akaukumbuka unyoya wake. Ndiye tausi wa Kongo, ndege wa misitu yetu hii, aliyekaa mbele ya wasomi kwa miaka mingi huku maandishi yasiyo sahihi yakimficha. Macho hayana pazia, lakini maneno mabaya chini ya kitu huweza kuwa pazia.

Kisha ukaja mwaka 2020, na korona. Shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, na tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Safari kati ya Kinshasa na mikoa zikasimama. Kisangani ni mji wa wapitaji. Boti zinazopanda kutoka Kinshasa hukomea hapa, kwa kuwa juu yetu maporomoko saba ya Boyoma yameziba mto, na kwa sababu hiyo reli ya kilomita 125 hivi ilijengwa hadi Ubundu mwaka 1906. Mji ulioota kwenye njia ya wasafiri ukajikuta hauna msafiri.

Ila kukwama hakukuwa kugeni kwetu. Tunakumbuka siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu, mamia ya raia wakafa, na waliosalia wakalala sakafuni wakisikiliza makombora. Na hata pasipokuwa na vita wala ugonjwa, wako wengi katika mitaa yetu ya Mangobo na Kabondo ambao hawajafika Yangambi, mwendo wa kilomita mia hivi, kwa sababu nauli ni nauli. Asiyesafiri si mtu wa msimu wa korona. Ndiye mtu wa kawaida wa mkoa huu mkubwa kuliko yote nchini, na ndiye anayestahili kupigiwa picha.

Miezi ile ya korona picha zilianza kuingia katika simu zetu. Jamaa wa Isangi alituma picha ya mahali mto Lomami unapoungana na mto mkubwa. Mwingine, wa Basoko, akatuma mitumbwi ya asubuhi kwenye mdomo wa mto Aruwimi. Kutoka Ubundu zikaja reli zilizomezwa na majani. Yangambi kuna kamera zilizofungwa mitini na watafiti, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, na picha zao za sokwe mtu zilikuwa zimekwisha kutolewa. Nazo zikaanza kuzunguka upya. Watu waliozaliwa ukingoni mwa msitu wakawa wanaujua kwa mara ya kwanza wakiwa wamefungiwa ndani.

Nilijifunza kutazama kutoka kwa mama yangu mkubwa, ambaye miguu yake ilikuwa imeshakataa safari. Nilimwonyesha picha ya maporomoko ya Wagenia jioni, jua likiwa nyuma ya miti ile mirefu waliyoisimika wavuvi Wagenia mwambani kutundikia vikapu vyao. Nilitarajia asifu jua. Akaisogeza simu karibu na macho na kuuliza, "Mutoto yangu, hii ni ya siku gani?" Nikamtajia. Akasema maji yako juu kuliko inavyofaa kwa mwezi huo, kisha akanionyesha kamba za mitini zilizofungia miti, upande mmoja mpya, upande mwingine zimechakaa: hawa wamerudi kazini juzi tu, na hawajamaliza. Aliyepiga picha alikuwa amefuata rangi ya anga. Mwanamke aliyeketi Mangobo ndiye aliyeuona mto na kazi ya wavuvi.

Kumpa mtu kama huyo kitu cha kuangalia ni kazi ya ufundi. Msitu wa mvua ni mwalimu mkali wa nuru. Chini ya matawi kuna giza, juu kuna anga jeupe, na simu ikiachiwa iamue yenyewe itaifuata anga. Tumbili aliye tawini atatoka mweusi tii. Fundi hugusa kioo pale penye uso wa mnyama, akakubali anga iungue. Husubiri mvua ikatike, kwa kuwa baada ya mvua majani yanang'aa na vumbi limelala. Hufuta lenzi kwa kitambaa cha pamba kila mara, maana unyevu wetu huweka ukungu ambao jicho halioni mpaka picha iwe imeharibika. Kwenye maporomoko huamua mapema anachotaka kusema: mwendo wa haraka wa kamera huyashika matone moja moja na kuonyesha nguvu ya maji, mwendo wa polepole huyageuza maziwa na kuificha hatari. Mimi napendelea matone. Wagenia hawavui samaki kwenye maziwa.

Halafu unakuja ufundi wa kutuma, ambao wengi huuona si ufundi. Picha hamsini zikitumwa kwa mkupuo hazitazamwi hata moja, na aliyepokea amelipia mega zake bure. Fundi huchagua moja. Huituma kama faili, ili isibanwe na kupoteza alama ndogo ambazo ndizo jicho la nyumbani linazitafuta. Chini yake huandika mambo matatu: mahali, tarehe, na jina ambalo wenyeji wa hapo hukiita kitu hicho. Kisha hungoja jibu, na jibu likija hulisoma, hata likiwa limesahihisha maneno yake.

Upo pia ufundi wa kunyamaza. Kasuku wa kijivu ananaswa katika misitu hii na kuuzwa mbali, ingawa tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku huyo wa porini imepigwa marufuku. Anayepiga picha ya mti ambamo kundi lao hulala anaweza kutaja wilaya, lakini si mti wala kijito. Na mvuvi aliye kazini huombwa ruhusa kwanza, kwa salamu kamili, kama anavyosalimiwa mtu mzima. Maporomoko ya Wagenia yamejaa wageni waliopiga na kuondoka.

Mtu atasema haya ni ya kupitisha muda. Hapana. Mwaka 2005 kipunji, tumbili wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, alitambulishwa rasmi kwa picha: kielelezo chake hakikuwa ngozi wala fuvu, bali mnyama hai aliyeonekana pichani. Wataalamu wengine walinung'unika, lakini hoja ilisimama, kwa kuwa picha ilikuwa na mahali pake na wakati wake.

Na sisi tunajua gharama ya kukosa vitu hivyo. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003, pamoja na yale ya Kisangani. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Sehemu kubwa ya dai ilipungua kwa ushahidi kuwa haba, na dai la misitu iliyokatwa likakataliwa kabisa. Katika miaka ile ni wachache waliokuwa na kamera, na waliokuwa nazo hawakuwa na njia ya kugawa walichoona. Albamu iliyokaa katika nyumba moja iliungua pamoja na nyumba hiyo.

Kwa hiyo atakayefika mtoni kesho na apige picha yake nzuri, aandike jina la kijiji na tarehe, aitume Mangobo, Lubunga, Kindu, hata kwa ndugu walioko Ulaya. Picha iliyo katika simu ishirini haizami na mtumbwi mmoja wala haiteketei kwa kombora moja, na kati ya watu ishirini walioketi makwao, hakosi mmoja wa kuona kile ambacho mpiga picha alikipita.