Kibaba cha Nani? Methali za Akiba Zikisomwa Kutoka Uchindile

Ndugu msomaji, hapana nyumba ya pwani isiyokuwa na hazina ya methali za akiba. Mama humwambia mwanawe kwamba akiba haiozi. Baba akifungua daftari la duka hukumbusha kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na bibi anapochota unga husema haba na haba hujaza kibaba. Methali hizi tumezirithi, na kwa kuwa tumezirithi hatuzihakiki. Shairi tunalipima vina na mizani, tena tunamlaumu mtunzi akikosea, lakini methali tunaipisha njia kama tunavyompisha mzee. Leo nataka tuzipime methali hizi, na tusizipimie hapa penye upepo wa bahari, bali mbali kidogo, Uchindile.

Uchindile iko upande wa Mlimba, mkoa wa Morogoro, pale bonde la Kilombero linapokwisha na milima inapoanza kupanda kuelekea Makambako. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, hupita huko. Kwenye miinuko watu hulima mahindi na maharage; chini bondeni, toka Mlimba mpaka Ifakara, zao kubwa ni mpunga, na huenda wali ulioula jana ulitoka huko. Mvua za huko ni za msimu mmoja mrefu, toka Novemba au Desemba mpaka Mei. Mavuno yakishaingia ndani, ndiyo hayo hayo mpaka mwaka mwingine.

Sasa twaa methali yetu moja mashuhuri: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni methali iliyotungwa kwa ustadi, kwani ndani yake mna pwani nzima, na mchanga, na mtu aliyeinama. Lakini itazame inasimamia nini. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Asiyepata kitoweo asubuhi atapata jioni, na jitihada yake italipwa kabla jua halijatua. Mkulima wa Uchindile hana upwa wa namna hiyo. Upwa wake hutoka mara moja kwa mwaka. Mwezi wa Februari atagaagaa toka alfajiri mpaka magharibi, na hatarudi nyumbani ila na majani aliyoyapalilia. Basi ukisikia kwamba mwezi huo amekopa, usiharakishe kumsomea methali ya pwani na kumwita mvivu.

Na hii ya akiba haiozi je? Kwa thawabu ni kweli tupu, na kwa fedha ni kweli kwa kiasi. Kwa mahindi si kweli. Yapo maji, upo ukungu, wapo panya, na juu ya hao yupo dumuzi, mdudu aliyeletwa kutoka Amerika, akaonekana kwanza mkoa wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea. Wengine walimwita Scania, kwa jina la lori. Hutoboa punje zikiwa bado kwenye gunzi na kuziacha vumbi. Wazee walikuwa wakihifadhi magunzi na maganda yake juu ya moshi wa jikoni, na ilifaa kwa wadudu wa zamani. Kwa huyu mgeni haikutosha, ndipo wataalamu wa kilimo wakashauri mahindi yakaushwe vizuri, yapukuchuliwe na kuchanganywa na dawa.

Hapo ndipo Qur'ani inapoipita methali yetu kwa mbali. Katika Sura Yusuf, aya ya 47, Nabii Yusuf (a.s.) aliwaelekeza watu wa Misri wayaache mavuno katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Na katika aya ya 55, alipoomba kusimamia hazina za nchi, alijitaja kwa sifa mbili: kwamba yeye ni mlinzi, na kwamba ni mjuzi. Methali yetu imeichukua sifa ya kwanza na kuiacha ya pili. (Atatokea mtu aseme: mbona Yusuf aliacha masukeni, na hawa wanatuambia tupukuchue? Masuke yalikuwa ujuzi wa nafaka ile katika nchi ile. Anayemfuata Yusuf humwendea mwenye kujua.)

Lakini kasoro kubwa naiona kwenye kibaba. Haba na haba hujaza kibaba, sawa. Kibaba cha nani? Wazee wetu wa pwani hawakuwa wajinga wa jambo hili. Walikuwa na kibaba cha mfuto, kilichopitishwa mkono juu kikawa sawasawa, na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilima. Lugha iliijua tofauti, lakini methali imenyamaza. Na katika kimya hicho ndimo ilimoingia lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kichuguu juu na kushonewa kamba, na bei hubaki ile ile ya gunia. Sheria ya vipimo imelikataza jambo hili, na viongozi wamelikemea mara nyingi. Kwa Mwislamu lilikwisha kukatazwa zamani, kwani Sura nzima, Al-Mutaffifin, imebeba jina la wapunjao vipimo, na inawataja hasa wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kujaziwa.

Ubaya mwingine huja kabla ya gunia. Katika miezi ya njaa mtu mwenye fedha humfuata mkulima na kumpa senti za kununulia chakula, ili alipwe kwa magunia wakati wa mavuno. Mpunga huuzwa ungali majani, kwa bei ya mwenye njaa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa, na alipowakuta watu wa Madina wakilipana fedha mbele, aliwataka wajue kipimo, uzani na muda. Ama kununua wakati wa rahisi na kuweka, wanazuoni wa Kishafii hawakukuhesabu kuwa ndiyo ihtikari iliyoharamishwa. Ihtikari kwao ni kununua chakula wakati wa ughali na kukizuia ili kipande zaidi. Basi simtukani kila mwenye ghala. Ninasema tu kwamba methali ya akiba humsifu mwenye ghala na mwenye kihenge kwa maneno yale yale, na hiyo ni kasoro ya methali.

Hata marehemu Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968 baada ya kufa kwake, alimtoa mtu kwenye kazi ya mjini akampeleka shamba kutafuta utulivu wa moyo. Nakipenda kitabu kile. Lakini shamba la Utubora ni shamba la mtu aliyechagua kwenda, na anayechagua huweza kurudi.

Tuseme basi tuziache methali? La. Bibi na aendelee kuhesabu vibaba vyake, maana israfu nayo ni haramu na nyumba nyingi zimeanguka kwa harusi ya siku mbili. Ila ifikapo Shaaban, tunapokwenda sokoni kununua mchele wa kuufungia mwezi, huwa tunaliona gunia lenye kichuguu kuwa ni bahati yetu, na tunarudi nyumbani tukisema tumeweka akiba. Siku hiyo, ndugu msomaji, kabla hujamwita mchukuzi, mwulize muuzaji gunia lile lilipimwa kwa mizani au kwa jicho, na mpunga wake alipoununua ulikuwa umevunwa au ulikuwa bado majani.