Joto la Dar Linaanzia Juu ya Bati

Kaskazi ikishika, mwenye nyumba wa Dar es Salaam hukimbilia dukani kuulizia AC ya BTU 12,000. Angeanza na swali jingine: joto lenyewe linaingilia wapi? Katika nyumba zetu nyingi za matofali ya saruji, jibu liko juu. Bati likipigwa jua la mchana huweza kufika nyuzi 60 na zaidi. Hewa iliyonaswa kati yake na dari ya jipsamu huchemka, kuta hulinywa joto hilo mchana kutwa, kisha huliachia taratibu usiku. Ndiyo maana saa nne usiku barazani pana upepo, chumbani hakulaliki.

Hapo pana kazi ya fundi rangi kabla ya fundi AC. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Lenye kutu hulimeza. Matundu yakiachwa juu ya ukuta, usawa wa kenchi, hewa ya moto hupata pa kutokea. Madirisha nayo yana lawama. Yale ya aluminiamu ya kuslaidi yanapendeza, lakini hufunguka nusu tu.

Baada ya hapo ndipo huja mashine. Panga boi la wati 70, likizunguka saa kumi kila usiku, hutumia yuniti 21 kwa mwezi. Halipoozi hewa, hukausha jasho la mtu. Kuliacha likizunguka chumba kitupu ni kuchoma LUKU bure. AC inayovuta wastani wa wati 800 kwa saa nane kila usiku hula yuniti 192. Aliye kwenye D1, ambako bei ya nafuu huishia yuniti 75 kwa mwezi, atajua mapema.

Feni ya maji ni habari nyingine, na wauzaji hawaisemi. Hupooza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, hivyo hutaka hewa kavu. Dodoma wakati wa kiangazi, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 30, inaweza kukupa hewa ya nyuzi 22 hivi. Dar, kwa nyuzi hizo hizo na unyevu wa asilimia 70, utapata kama 28, na chumba kilichozidi kulowa.

AC si anasa kwa mwenye mtoto mchanga au mgonjwa. Ila chagua ya inverta, ambayo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, uiweke nyuzi 26 na panga boi likizunguka polepole. Usivutwe na kubwa kupita chumba: hufikisha baridi upesi na kuzima kabla ya kukausha unyevu, ukabaki na chumba baridi chenye kunata. Fundi akikupimia BTU 18,000 bila hata kuuliza habari za dari, mtafute mwingine.