Mdororo, mtikisiko na vyuma vilivyokaza

Kiingereza kina neno moja kwa mtu aliyezama kwenye huzuni, kwa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 na kwa mfumo wa hewa unaoleta mvua. Sisi tunayo matatu. Mgonjwa ana sonona, uchumi una mdororo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatutangazia mgandamizo mdogo wa hewa. Anayelalamika kwamba Kiswahili hakina istilahi azitumie kwanza zilizopo.

Ila kuwa na maneno ni kitu kimoja, kuyachagua ni kingine. Mwaka 2009 magazeti yetu yalijaa "mtikisiko wa uchumi duniani". Hebu lisikilize hilo neno. Kinachotikisika kimetikiswa na kitu cha nje, kisha kinatulia, na hakuna wa kuulizwa. Sisi wa Kagera, tangu tetemeko la Septemba 2016, tunajua ardhi hutulia upesi. Nyumba ndizo hazirudi. Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza Dodoma mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, na waliofikiriwa ni pamoja na wanunuzi wa pamba na kahawa waliopata hasara. Mkulima aliyeshushiwa bei? Ndani ya "mtikisiko" simwoni.

"Mdororo" nalipenda zaidi, maana limetoka mwilini. Mgonjwa anadorora taratibu, siku hadi siku, na wa kwao wanaona. Sasa mwanauchumi anakuja na kipimo chake: uchumi usinyae robo mbili za mwaka mfululizo. Mwaka 2009 uchumi wa Tanzania ulikua kwa zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo eti hatukudorora, tulipunguza mwendo tu. Nenda kamwambie hivyo mama ntilie wa Nyakahura, kwenye barabara ya Rusumo, siku malori yamepungua. Kwake biashara imelala, na kilicholala anakisubiri kiamke.

Halafu 2017 mtaa ukaja na "vyuma vimekaza". Wengine waliiona lugha ya vijiweni. Mimi sijasoma sentensi ya uchumi iliyoipita. Kisarufi haina mtenda kabisa, imekaa salama, hamna wa kukukamata kwayo. Lakini kila aliyewahi kusimama gereji akiisikia anaanza kutafuta kwa macho nani ameshika spana.