Mwito Uliorudishwa: Barua ya Machemba kwa Wissmann (1890)

Katika Ulaya ya enzi za kati, aliyetaka kupigana na mwenziwe alimtupia glavu miguuni. Aliyeiokota alikubali vita. Aliyeiacha alibaki na aibu. Nyuma ya Lindi, mwaka 1890, mtu alitupiwa mwito wa namna hiyo, akaurudisha kwa kalamu.

Hermann von Wissmann, baada ya kuitwaa Kilwa na Lindi mwezi Mei mwaka huo, alimtaka Machemba, mtawala wa Wayao katika uwanda wa Makonde, ajisalimishe. Jibu liliandikwa kwa Kiswahili. Kwa kawaida barua hiyo husomwa kama ushahidi wa upinzani, na msomaji hushika kauli ya mwisho tu: Mjerumani akiwa na nguvu, na aje amchukue. Kauli hiyo ikikatwa peke yake ni majigambo, na majigambo si haba katika fasihi ya Kiswahili.

Uzito wa barua umo katika yanayotangulia. Mwandishi anakiri kwamba maneno ameyasikia. Anatafuta sababu ya kutii, haioni. Ikiwa ni urafiki, hakatai. Ikiwa ni vita, yu tayari. Kuwa chini ya mwingine hakumo. Wote wawili ni viumbe wa Mungu, kila mmoja sultani kwake. Kisha linakuja jambo ambalo wahakiki wangepaswa kulikazia macho: Machemba hamtaki Wissmann naye amtii, maana anamjua kuwa ni muungwana. Mchokozi wa kawaida humdunisha adui. Huyu anampa heshima ileile anayoidai. Kwa hiyo changamoto inazidi makali, kwani Wissmann hakuachiwa tusi la kulipiza.

Hata lugha ina hoja. Haikuwa ya kuzaliwa kwa yeyote kati yao. Ilikuwa lugha ya misafara na ya masoko ya pwani, ambamo muuzaji na mnunuzi hupatana bila mmoja kumpigia magoti mwingine. Inasikitisha basi kwamba barua hunukuliwa zaidi katika tafsiri za Kizungu, ambazo haziwezi kumwonyesha msomaji kama neno la kutii lilirudiwa kwa makusudi au lilibadilishwa kila mara.

Vikosi vilikwenda kumchukua, kama alivyowaalika. Mwaka 1899 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji.