Pupusa: Kazi Huanza kwenye Chokaa

Pupusa ni mkate bapa wa mahindi unaojazwa vitu ndani, na ndiyo chakula cha taifa cha El Salvador. Bunge la nchi hiyo liliitangaza hivyo mwaka 2005, likaitengea na siku yake, Jumapili ya pili ya Novemba. Mgeni huuliza kwanza imejazwa nini. Swali gumu zaidi ni hili: unga wa mahindi hauna mnato wa ngano, sasa vipi unatandazwa, unajazwa na kufungwa bila kupasuka?

Siri ni chokaa. Mahindi makavu huchemshwa kwenye maji yenye chokaa, kisha huachwa humo usiku kucha. Ganda la punje hulegea, likatoka kwa kusuguliwa, na sehemu ya wanga huanza kuiva. Yakioshwa na kusagwa yangali na unyevu, hutoa donge laini linaloshikana. Unga wetu wa ugali, uwe sembe au dona, haukupitia hatua hiyo. Ukiukanda kwa maji na kuutandaza, kingo zitachanika. Chokaa pia huufanya mwili uweze kutumia niasini, vitamini iliyofungika ndani ya punje. Mahindi yalipofika Ulaya bila maarifa hayo, maskini walioyategemea peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini.

Baada ya hapo ni kazi ya mikono. Mpishi hulowanisha viganja kwa maji na mafuta, huchukua donge na kulibonyeza katikati kwa dole gumba mpaka liwe kama kikombe. Hutia jibini laini inayovutika, maharage yaliyopondwa na kukaangwa, au chicharrón, ambayo huko ni nyama ya nguruwe iliyopikwa na kusagwa ikawa rojo zito. Mchanganyiko wa vyote huitwa revuelta. Wengine huchagua jibini na loroco, tumba za maua ya mmea utambaao. Kingo hukusanywa juu na kuzibwa, kisha donge hupigwapigwa kutoka kiganja hiki hadi kile huku likizungushwa, mpaka liwe bapa. Hapa maji ndiyo adui: maharage yakiwa majimaji, donge hulowa na kutoboka. Ndiyo maana hukaangwa mpaka yakauke.

Pupusa huokwa kwenye bamba la chuma lenye moto, dakika chache kila upande, hadi madoa ya kahawia yatokee. Huliwa kwa mkono, pamoja na mchuzi wa nyanya na curtido, yaani kabichi, karoti na vitunguu vilivyolowekwa kwenye siki. Ukali wa siki hukata mafuta ya jibini na nyama.

Ukitaka kujaribu nyumbani, tafuta unga wa mahindi yaliyopikwa kwa chokaa. Ukiamua kuchemsha mwenyewe, tumia chokaa ya chakula tu. Ile ya kupaka ukuta usiiguse. Ujazo unaweza kuubadilisha upendavyo, lakini hatua ya chokaa usiiruke.