Uhakiki wa Kigezo cha Uso Mmoja katika Mabamba yenye Matabaka Yanayosukumwa kwa Mnururisho

Sehemu hii inahakiki namna watafiti walivyoeleza ukuaji wa kasoro ndogo katika bamba jembamba lenye matabaka linaposukumwa kwa eksirei. Hoja yetu ni kwamba kigezo kilichotawala uwanja huu hupima uso mmoja, ilhali hatima ya bamba huamuliwa na matabaka yote kwa pamoja.

Msingi wa mjadala uliwekwa na Rayleigh mwaka 1883 na Taylor mwaka 1950. Wote wawili walishughulikia mpaka wa viowevu viwili: chepesi kikisukuma kizito, mkunjo mdogo mpakani hukua, na mkunjo mfupi hukua upesi kuliko mrefu. Katika bamba linalopigwa na eksirei kuna jambo la ziada. Uso uliopata joto huvukizwa; mvuke hulisukuma bamba kama roketi na papo hapo huondoa sehemu ya mkunjo.

Takabe na wenzake (1985) waliueleza uponyaji huo kwa mlinganyo mfupi: 0.9 ya kipeuo cha pili cha zao la namba ya wimbi na mchapuko, kutoa takriban mara tatu ya zao la namba ya wimbi na kasi ya uso kuliwa. Wepesi wake ndio uliouenza. Hata hivyo, ulikusudiwa hali ambapo leza hulenga shabaha moja kwa moja na joto hubebwa na elektroni. Kwa msukumo wa eksirei, Lindl (1995) alitumia umbo linalozingatia pia unene wa eneo ambamo densiti hubadilika. Marekebisho hayo ni ya haki, lakini bado yanahusu uso mmoja.

Udhaifu hujitokeza tunapoingia ndani. Eksirei kali zitokazo kwenye ukuta wa dhahabu hupenya plastiki na kuipasha joto pale inapogusana na fueli iliyogandishwa. Plastiki hutanuka, ikawa nyepesi kuliko fueli inayoisukuma. Na katika mpaka huo hakuna mvukizo wa kuponya chochote. Wabunifu hutia tabaka lenye silikoni kidogo ili kuzifyonza eksirei hizo. Tiba hiyo hufaa, ila nayo huongeza mipaka mingine.

Mipaka hiyo haijitengi. Katika bamba la densiti moja, mkunjo wenye urefu wa wimbi ulio mara mbili ya unene wa bamba hufika upande wa pili ukiwa umebaki takriban asilimia 4. Ukiwa mara nne ya unene, hubaki takriban asilimia 21. Kanuni hii hunukuliwa mara nyingi, lakini matabaka yenye densiti tofauti huivuruga, kwani kila mpaka hupokea mkunjo na pia huukuza.

Gharama ya kupuuza jambo hili si ya nadharia tu. Majaribio ya National Ignition Facility nchini Marekani yaliyokoma mwaka 2012 hayakufikia uwasho uliotabiriwa na uigaji wa kompyuta. Miongoni mwa sababu zilizobainishwa baadaye ni utando wa plastiki ulioshikilia shabaha, wenye unene wa makumi tu ya nanomita: alama yake ya nje ilikua na kuathiri ndani. Muundo uliofuata uliimarisha wimbi la kwanza la mshtuko, ukapunguza ukuaji usoni, lakini kwa kupoteza sehemu ya mgandamizo. Uwasho ulipopatikana Desemba 2022, ambapo megajuli 2.05 za leza zilizaa megajuli 3.15, shabaha ilikuwa ya almasi, nayo ikiwa na tabaka la ndani lililotiwa tangsteni.

Kwa hiyo, hatupendekezi kuutupa mlinganyo wa uso mmoja. Tunapinga kuutumia kama hukumu ya mwisho. Pengo linaloshughulikiwa na tasnifu hii ni kipimo kinachofuatilia mkunjo mmoja kutoka uso wa nje, kupitia kila mpaka, hadi kwenye fueli.